Swali na Jirani: Uhakiki wa Elimu ya Mtindo wa Kimataifa kwa Macho ya Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya ufundishaji, hasa waliopangiwa shule za binafsi za jijini Kigali, huja na swali lile lile: je, shule hizi za mtindo wa kimataifa zina siri gani ambayo sisi hatuna? Wameona madarasa yenye wanafunzi ishirini, maktaba zenye vitabu, na kuta zilizobandikwa maneno makubwa kuhusu fikra na huduma. Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya uhakiki. Hatutataja shule moja moja kwa sifa au kwa lawama. Tutaitazama elimu yenyewe, ahadi zake na matokeo yake, kisha tuulize inamhusu vipi mwalimu wa Kiswahili anayefundisha mahali kama Gikondo.

Ahadi kubwa za elimu hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kumjengea mwanafunzi fikra tunduizi, yaani uwezo wa kuuliza, kupima ushahidi na kufikia uamuzi wake mwenyewe. Ya pili ni kumshirikisha katika maisha ya jamii inayomzunguka. Kwa ufupi, ahadi moja ni ya swali na nyingine ni ya jirani. Hoja ya makala haya ni kwamba ahadi hizi ni kitu kimoja na zikitenganishwa zote mbili huharibika. Kinachoziunganisha ni lugha ambayo mwanafunzi na jirani yake wanaweza kuulizana.

Majina ya dhana hizi

Tuanze na istilahi, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Tanzania wamezoea kusema fikra tunduizi. Kitenzi kutunduia kina maana ya kuangalia kwa makini, hata kwa kuchungulia, na anayelisikia neno hilo ni rahisi akumbuke tundu linalochunguliwa. Kenya, katika vitabu vya mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017, tunakuta uwazaji kina. Istilahi hizi mbili hazifanani. Ya kwanza inasisitiza jicho linalochunguza, na ya pili inasisitiza kina cha mawazo. Mwalimu anaweza kuzitumia zote mbili darasani na kuwauliza wanafunzi ipi inafaa zaidi na kwa nini. Swali hilo peke yake ni zoezi la fikra tunduizi.

Hata hivyo, tunalo neno la zamani zaidi ambalo mara nyingi tunalisahau, nalo ni uhakiki. Idara zote za Kiswahili katika Afrika Mashariki zinafundisha uhakiki wa fasihi. Kuhakiki ni kutafuta hakika ya jambo: kusoma, kutilia shaka, kulinganisha, kutoa hukumu na kuitetea. Ni ajabu kwamba mwalimu aliyesomea uhakiki kwa miaka mitatu huingia katika warsha na kuambiwa kwamba fikra tunduizi ni kitu kipya kilichotoka nje.

Ndivyo ilivyo pia kwa ushirikishwaji wa jamii. Mnyarwanda ana umuganda, unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi na kufuatiwa na mkutano wa wakazi. Watanzania wana msaragambo, na Wakenya wana harambee. Hakuna anayehitaji kufundishwa neno la kigeni ili aelewe kwamba barabara ya mtaa inatengenezwa na watu wa mtaa.

Elimu hii ilitoka wapi?

Mfumo unaojulikana zaidi katika elimu ya aina hii ni Bakaloria ya Kimataifa, IB kwa kifupi, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Mwanafunzi wa diploma yake husoma masomo sita, lakini pia hutakiwa kufanya mambo matatu ya ziada: somo la Nadharia ya Maarifa, ambamo anauliza tunajuaje kile tunachosema tunakijua, insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na mpango wa ubunifu, mazoezi ya mwili na huduma. Katika Afrika Mashariki mfumo huu si mgeni. Shule ya Kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 chini ya Mlima Kilimanjaro, ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo barani kuufuata, na mwaka 2019 ikaingia katika mtandao wa vyuo vya United World Colleges. Hapa Kigali, Green Hills Academy, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni mfano unaofahamika.

Lakini tarehe zina mafunzo. Mwezi Machi 1967, mwaka mmoja kabla ya Geneva, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe sehemu ya jamii badala ya kisiwa. Alitaka pia mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, ajifunze kutoka kwa wengine, na awe na uwezo wa kukikataa au kukirekebisha kile anacholetewa. Mawazo hayo ndiyo leo yanayouzwa kwa ada kubwa chini ya jina la elimu ya kimataifa. Ni kweli kwamba utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea ulipotoka mahali pengi. Kujitegemea kukawa shamba la shule na jembe, na udadisi ukaachwa. Lakini upotofu huo nao unatufundisha jambo: jirani bila swali hugeuka kuwa kazi ya mikono tu.

Rwanda nayo imeliona hitaji hili. Mtaala unaozingatia uwezo, ulioanza kutumika mwaka 2016, unaitaja fikra tunduizi miongoni mwa stadi ambazo kila somo linapaswa kuzijenga, pamoja na ubunifu, utafiti na utatuzi wa matatizo, mawasiliano na ushirikiano. Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, mwanafunzi wa shule ya umma ya Gikondo na mwanafunzi wa shule ya ada kubwa ya Nyarutarama wanastahili kitu kile kile.

Yaliyo mema

Mhakiki mwaminifu hutaja kwanza yanayofaa. Shule za mtindo wa kimataifa zimethubutu kutahini swali lisilo na jibu moja, na hilo si dogo. Katika shule nyingi mwanafunzi hujifunza kukisia kile mtahini anachotaka kusikia. Anayeandika insha ndefu ya utafiti hulazimika kuchagua mada yake, kutafuta vyanzo na kukubali kwamba vyanzo vinapingana. Atakapofika chuo kikuu hatashangaa akiambiwa atoe hoja. Sisi tunaopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunajua tofauti hiyo inavyoonekana.

Jambo la pili ni kwamba mfumo huo una tabia ya kujisahihisha. Hapo zamani huduma kwa jamii katika IB ilihesabiwa kwa saa. Mwanafunzi alitakiwa kufikisha saa 150 katika mpango wake mzima wa ubunifu, mazoezi na huduma. Baadaye ikaonekana kwamba saa zinaweza kujazwa bila mtu kubadilika, na hesabu hiyo ikaondolewa ili mwanafunzi aonyeshe amejifunza nini. Mifumo mingi ya elimu huona kasoro kama hiyo na kuinyamazia.

Kasoro ya kwanza: jirani kama mpokeaji

Pamoja na mema hayo, tazama namna ushirikishwaji wa jamii unavyofanyika mara nyingi katika shule zinazoiga mtindo huu. Wanafunzi hupanda basi la shule, huenda kwenye makao ya wazee au kituo cha watoto, hukabidhi sabuni, sukari na unga, hupiga picha, hurudi kabla ya chakula cha mchana. Wiki inayofuata picha hizo zinakuwa kwenye kalenda ya shule.

Hatusemi kwamba sabuni haina faida. Anayehitaji sabuni anaihitaji. Tunachouliza ni kama kuna kufikiri kokote kulikofanyika. Nani aliamua kwamba wazee wale wanahitaji sukari? Waliulizwa? Kwa nini wako pale, na kwa nini wengine wa umri wao hawako pale? Mwanafunzi asiyeuliza maswali hayo amepewa nafasi ya kuonekana mwema bila kupewa nafasi ya kuelewa. Baya zaidi, amejifunza kwamba jamii ni mahali pa kutembelea, ilhali asubuhi ile basi lake lilipita katikati ya jamii hiyo madirisha yakiwa yamefungwa.

Linganisha na umuganda. Kwenye umuganda mwenye jembe na asiye na jembe wako kwenye mtaro mmoja, na baadaye wanakaa mkutano mmoja. Kuna mengi ya kuuhakiki umuganda pia, kwa mfano ni nani anayesema sana katika mkutano ule na nani hunyamaza. Lakini umuganda haumweki mtu mmoja kuwa mtoaji na mwingine kuwa mpokeaji.

Kasoro ya pili: lugha iliyowekwa pembeni

Kasoro ya pili inatugusa sisi moja kwa moja. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Sheria ya mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kama lugha yake ya kazi. Hata IB yenyewe ina Kiswahili katika orodha ya lugha inazozitahini.

Pamoja na hayo yote, katika shule nyingi za aina hii Kiswahili ni kipindi cha alasiri: salamu, tarakimu, majina ya wanyama na wimbo wa siku ya wazazi. Kufikiri hufanywa kwa Kiingereza, na Kiswahili huachiwa kuchezea. Mwanafunzi hujadili mabadiliko ya tabianchi kwa Kiingereza asubuhi, kisha mchana katika Kiswahili anataja rangi za matunda. Anajifunza, bila mtu kumwambia, kwamba kuna lugha za akili na lugha za mikono. Na kwa kuwa lugha za jirani zake ni Kinyarwanda na Kiswahili, anajifunza pia kwamba jirani si mtu wa kufikiri naye.

Lawama hii haziangukii shule hizo peke yao. Tangu uamuzi wa mwaka 2008 wa kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia, shule za umma nazo zimekuwa na mwelekeo wa kuona hivyo. Na somo la Kiswahili lenyewe, lilipo, mara nyingi hufundishwa kwa kukariri ngeli na kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Shule ya kimataifa imekiweka Kiswahili pembeni. Walimu wengi wa Kiswahili nao wameliweka swali pembeni.

Kwa nini jambo hili ni zito hapa kwetu

Msomaji anaweza kudhani huu ni mjadala wa mbinu za kufundishia tu. Nchini Rwanda hauwezi kuwa hivyo.

Kabla ya mwaka 1994 palikuwa na madarasa ambamo watoto waliamriwa wasimame kwa makundi ya kikabila ili wahesabiwe, nao wakasimama. Tarehe 9 Aprili 1994, hapa Gikondo, watu waliokuwa wamekimbilia katika kanisa la parokia ya Mapadre Wapallotti waliuawa humo baada ya vitambulisho vyao kukaguliwa. Miongoni mwa waliopanga na kuchochea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi walikuwamo wasomi. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu kutoka Ufaransa na mhadhiri wa chuo kikuu. Kuchambua vyanzo na kujenga hoja alifundishwa. Uwezo wa kufikiri uliotengwa na jirani haukumzuia mtu kumwangamiza jirani huyo.

Sasa tazama upande wa pili. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa nchi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa, wakasema wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Leo wanafunzi wa Nyange wanatambuliwa na taifa kama mashujaa wa daraja la Imena. Shule yao haikuwa na diploma ya Geneva wala basi la huduma kwa jamii. Lakini amri ilipotolewa waliipima, na waliipima wakiwa wamemtazama aliyeketi kando yao.

Kwa hiyo tunapozungumzia fikra tunduizi na jamii katika nchi hii, tunazungumzia jambo ambalo watu walilifia.

Somo la Kiswahili lingekuwaje Gikondo?

Tuchukue mfano mdogo kabisa, methali. Somo la kawaida huandika ubaoni: Asiyesikia la mkuu… na wanafunzi humalizia: huvunjika guu. Mwalimu hutoa maana, darasa hunakili, kengele inalia. Darasa linalohakiki lingeendelea: mkuu ni nani hapa? Ni mwenye umri, mwenye cheo, au mwenye busara? Kuna wakati ambapo kumsikia mkuu ndiko kunakovunja mguu, wa mtu mwingine? Wanafunzi wa Nyange waliivunja methali hii au waliitimiza? Kisha walinganishe na methali za Kinyarwanda walizosikia nyumbani kuhusu wazazi na wakubwa. Somo hilo halihitaji kompyuta hata moja. Linahitaji chaki, dakika arobaini, na mwalimu asiyeogopa ukimya unaofuata swali gumu.

Tutoke nje ya darasa. Gikondo ina utajiri ambao shule nyingi za ada kubwa zingeutamani. Yako maghala ya forodha ya MAGERWA, ambayo kwa miongo mingi yamepokea mizigo kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Madereva wa malori na utingo wao wamekuja na Kiswahili cha Morogoro, cha Nakuru na cha Kampala. Uko uwanja wa maonyesho ya biashara, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wamekuwa wakikutana kila mwaka, na bei nyingi hujadiliwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa Sekondari 4 anaweza kutumwa na maswali matano tu: bidhaa hii inaitwaje kwenu? Karatasi hii ya forodha mnaiitaje? Neno gani la Kinyarwanda umelazimika kulijifunza ili ufanye kazi hapa? Hapo dereva anakuwa mwalimu, na mwanafunzi anakuwa mgeni mwenye daftari. Uhusiano wa mtoaji na mpokeaji umepinduliwa.

Liko pia bonde lenyewe. Kwa miongo kadhaa viwanda vya Gikondo vilijengwa ndani ya ardhioevu. Serikali ikaamua vihame ili bonde lirudi katika hali yake, na vingi vikaelekezwa kwenye eneo maalumu la kiuchumi la Masoro. Huko Nyandungu, bonde jingine la Kigali liligeuzwa kuwa hifadhi ya hekta 121 iliyofunguliwa mwaka 2022. Yote haya yana faida zinazoeleweka: mafuriko hupungua na maji huchujwa. Lakini kuna maswali ya kuuliza majirani. Mama lishe aliyekuwa akiwauzia chakula wafanyakazi wa viwanda alienda wapi? Aliyekuwa akifurikiwa nyumbani anasemaje? Nani alifaidika mapema na nani anangoja? Wanafunzi waandike ripoti ya kurasa mbili kwa Kiswahili, kisha, na hili ndilo muhimu, warudi kuisoma mbele ya waliowahoji ili wasahihishwe. Shule nyingi huchukua maelezo ya watu na kuyapeleka kwa mtahini. Kurudi ndiko kunakomfanya mhojiwa awe mwenzako katika kufikiri.

Mwalimu atasahihishaje kazi kama hiyo? Napendekeza maswali manne yatumike badala ya orodha ndefu ya vigezo. Je, mwanafunzi aliuliza jambo ambalo hakulijua? Je, alisikia jibu lililopingana na alilotarajia? Je, alilieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa aliyemhoji? Je, alibadilisha chochote baada ya kusahihishwa? Ngeli na nyakati zitapata nafasi zake katika swali la tatu, tena kwa sababu inayoonekana: ukikosea upatanisho wa kisarufi, dereva wa Morogoro atakucheka, na hutalisahau kosa hilo.

Pingamizi

Walimu wenzangu watasema: darasa langu lina wanafunzi hamsini, Kiswahili chao ni cha kuanzia, na mtihani hauulizi mambo hayo. Pingamizi hizi ni za kweli na hazijibiwi kwa hotuba. Wanafunzi hamsini wanaweza kugawanywa katika vikundi kumi na ripoti kumi zikasahihishwa. Ni kazi nyepesi kuliko madaftari hamsini ya kujaza nafasi. Anayeanza Kiswahili anaweza kuuliza maswali matano aliyoyaandika mapema, na lugha ya kuanzia hukua haraka inapokuwa na mtu wa kuizungumza naye. Kuhusu mtihani, ni kweli kwamba kisichotahiniwa hupuuzwa. Hapo idara za vyuo vikuu zina wajibu, kwa sababu waandaaji na wasahihishaji wa mitihani hutoka kwetu. Mtihani ukiuliza mara moja tu kama methali fulani ina ukweli na kwa nini, mafunzo ya darasani yatabadilika nchi nzima.

Hitimisho

Tumeona kwamba elimu ya mtindo wa kimataifa ina mema ya kujifunza, hasa ujasiri wa kutahini maswali yasiyo na jibu moja. Tumeona pia kwamba mara nyingi humfanya jirani kuwa mpokeaji wa misaada na lugha yake kuwa pambo la alasiri. Dhana zake zote mbili tunazo katika Kiswahili, katika uhakiki wetu na katika desturi zetu za kazi ya pamoja. Zilizokosekana ni saa za darasani za kuzitumia.

Kwa wanafunzi wetu watakaokwenda mazoezini muhula ujao: ukipangiwa shule ya ada kubwa, omba Kiswahili kitumike kwa angalau mjadala mmoja mzito katika muhula. Ukipangiwa shule ya umma, usingoje vifaa. Chagua methali moja na mtaa mmoja, uliza, kisha rudi ukasahihishwe. Mtakaporudi idarani, leteni ripoti za wanafunzi wenu ili tuzisome pamoja katika semina.